Siku 11 mashini haina kitabu hata kimoja

Yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, anaishi Liège, Ubelgiji. Mwezi wa tisa alinitumia mashini ya kusomea vitabu, yeye anaiita lizezi, akaifunga ndani ya soksi mbili za sufu na kuiweka kwenye valizi ya mama mmoja wa kanisa lao aliyekuwa anarudi Lubumbashi kwa kilio cha ndugu yake. Nikaenda kuichukua Kampemba, pale pale kwenye kilio, na nikakaa na wafiwa mpaka jua likazama maana huwezi kuingia mahali watu wanalia ukasema mi nimefuata paketi yangu. Alafu nikarudi nayo Katuba mu taksi, nimeibana chini ya kitenge, kila mtu anayepanda namwangalia mikono.

Ni ya inchi 6, nyeusi, nyepesi kuliko telefone yangu. Usiku huo nikaiwasha, nikaiunganisha na intaneti ya telefone, nikapanga saa na tarehe, ikanionyesha ukurasa mweupe kabisa unaosema hakuna kitabu. Nikaizima.

Alafu nikakaa siku 11 sijaweka kitu.

Yaya alipiga simu mara tatu. "Umeanza na nini?" Mi namjibu bado. Mara ya tatu akanyamaza kidogo, akasema kama haikufai mpe mtoto. Hiyo iliniuma, kwasababu haikuwa hivo hata kidogo, mi niliitaka sana hiyo mashini mpaka nikaogopa kuianza vibaya. Yaya anamaliza kitabu kwa wiki, toka tukiwa watoto alikuwa hivo, kwake cha kwanza kitafuatwa na cha pili na maisha yanaendelea. Kwangu kitabu ni kitu kingine na inabidi nieleze kidogo ndo mtanielewa.

Nina kijiduka cha kopi kwenye barabara ya Kasapa, karibu na kampasi ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Mashini mbili za fotokopi, printa moja, kompyuta moja, jenereta ndogo nyuma ya ukuta, na mi mwenyewe kwenye kiti cha plastiki. Ni mwaka wa 9 sasa. Kila siku vitabu vinapita mikononi mwangu lakini vinapita vipande vipande, kurasa 40 za silabusi ya sheria, chapita ya tatu ya kitabu cha uchumi, utangulizi peke yake bila kitabu chenyewe. Mwanafunzi anakuja na pesa ya kurasa 20, basi ukurasa wa 21 anauacha hata kama sentensi imekatikia katikati. Na mi nasoma pale pale wakati karatasi zinatoka, nimesimama, karatasi bado ina moto. Nimesoma hivo habari za figo, habari za mikataba ya madini, habari za Wayunani na vita vyao. Vitu vingi sana najua vinavyoanza na sijui vinavyoisha. Kuna hadithi moja ya mtu aliyevuka mto usiku na mtoto mgongoni, niliikopi mwaka wangu wa kwanza dukani, kurasa 12, mpaka leo sijui kama alifika ngambo, na yule dada aliyeileta hakurudi tena.

Sasa mtu kama huyo umpe kitu kinachobeba vitabu maelfu, vizima, toka jalada mpaka neno la mwisho. Nilitaka cha kwanza kiwe kizima, na kiwe kitu ambacho siku moja nikiulizwa nitajibu bila kufikiri. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo.

Habari ikatembea. Kijana mmoja mteja wangu, mwanafunzi wa politeknike, akaniletea flashi yenye vitabu 900. Bure mama, anasema, chukua vyote. Nikaifungua kwenye kompyuta ya duka, nikashuka na orodha, nikashuka, nikashuka, mpaka majina yakawa yananipita machoni sawa namba za magari. Alafu nikaona mle ndani waandishi ambao wako hai, wengine wa umri wangu, vitabu vyao vya mwaka jana. Nikamrudishia flashi yake. Najua kuna mtu atasema mama wa kopi ndo anatufundisha haki za mwandishi leo, lakini hili nimelifikiria miaka mingi kuliko watu wengi kwasababu ndo linaweka bukari kwenye meza yangu. Silabusi ambayo profesa mwenyewe ameileta, nakopi. Kurasa chache za kujifunzia mtihani, nakopi. Riwaya nzima ya mtu aliye hai anayengoja apate kitu kwa kazi yake, hapana, nilishaacha, na nimepoteza wateja kwa hilo. Siwezi kukataa dukani alafu nikubali chumbani kwangu.

Kwahiyo zikabaki njia mbili: vitabu ambavyo muda wake wa haki umeisha, au vya kununua.

Nilianza na vya bure. Kuna mradi unaitwa Gutenberg, ulianza Marekani 1971, mtu mmoja Michael Hart aliandika kwa mkono wake kwenye kompyuta kubwa ya chuo tangazo la uhuru wa nchi yao ili yeyote aweze kulipata, na toka hapo watu wa kujitolea wameongeza maelfu na maelfu ya vitabu vya zamani. Vya Kifaransa viko vingi. Nikanunua mega za intaneti za usiku, nikashusha Le Comte de Monte-Cristo ya Alexandre Dumas, iko mle kwa sehemu nne. Ile nilishaisikia utotoni, mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa anatuhadithia kila Ijumaa kipande, mtu anafungwa bila kosa, anachimba ukuta, anakutana na mzee. Nikafungua ukurasa wa kwanza kwenye telefone, meli inaingia Marseille. Nikafunga. Siyo kwamba haikunivuta, ilinivuta sana, lakini nikajiona nimeingia kwenye safari ya kurasa zaidi ya 1000 za mambo ya Ufaransa, na mashini yangu yote itakuwa na harufu ya bahari ya watu wengine kabla haijapata hata vumbi la Katuba. Nikasema hiyo itakuwa ya mvua. Mvua ikishika mwezi wa kumi na moja na barabara ikawa matope na wateja wakapungua, nitavuka nayo mpaka mwezi wa tatu.

Cha kununua nilikuwa nacho akilini, Tram 83. Fiston Mwanza Mujila amezaliwa hapa hapa Lubumbashi, 1981, kitabu kilitoka Paris 2014 na 2017 kikapata zawadi kubwa Ujerumani. Wanafunzi wa fasihi wamekileta sana dukani kwa vipande, kwahiyo najua kina gari moshi, najua kina machimbo na baa na kelele, na najua kinaandikwa sawa mtu anapiga saksofoni. Lakini ili ununue kwenye intaneti wanataka kadi ya benki na mi nina pesa ya telefone tu. Ningeweza kumwomba yaya. Alishatuma mashini, kumwongezea tena deni la kitabu roho ilikataa, siyo kwa cha kwanza. Nataka nikinunue kwa pesa ya kopi zangu mwenyewe, nitapata njia.

Alafu nikageukia Kiswahili. Hapo ndo nilikaa siku nyingi zaidi na ndo hapo palinichosha roho. Nilipata Utendi wa Mwana Kupona, ule mama wa kisiwa cha Pate alimwandikia binti yake 1858 akiwa mgonjwa, anamwambia akae aandike anachomwambia. Nikasoma beti kama 30. Ni kitu kizuri, nasema kweli, mama anajua anakufa na anapanga maneno kwa vina bila kukosea. Lakini kila mstari wa pili nilikuwa nasimama. Kiswahili cha Pate na cha Katuba ni ndugu waliolelewa nyumba mbili, mkikutana mnajuana sura, mnacheka, lakini kila mmoja ana jina lake kwa kijiko. Nikaenda kwenye riwaya za Tanzania, zile nilizoweza kuzipata maonjo, nikazisoma vizuri zaidi, nikafurahi, na bado nikabaki na kitu kimekwama. Sisi huku toka asubuhi tunaomba, tunagombana, tunalilia wafu, tunauza, tunabembeleza watoto kwa Kiswahili, na siku nzima kwenye duka langu haijawahi kutoka karatasi moja iliyoandikwa namna tunavyosema. Yote ni Kifaransa. Kama ni Kiswahili basi ni kile cha Biblia au cha matangazo ya chanjo, kisafi, kimepigwa pasi. Nilishazoea kufikiri kwamba cha kwetu ni cha mdomo tu na hakiwezi kukaa kwenye karatasi.

Siku ya 9 akaja kijana wa historia kuprinti memwari yake, ile kazi ya kumalizia chuo, kurasa 94. Nilikuwa naangalia kama wino utafika. Kwenye ukurasa wa sitini na kitu nikaona mistari iliyoingizwa ndani, herufi ndogo, na siyo Kifaransa. Nikasogeza karatasi. Ni Kiswahili, lakini siyo cha Biblia, ni chetu, na "njo" zake na "bazungu" zake na "baboyi" zake, maneno mengine yamegandana, mengine yamekatwa mahali siyo pake, sawa mtu anaandika huku anaongea na hataki kusimama. Nikasimamisha mashini. Nikamwambia mwanangu, hii umeitoa wapi?

Akanieleza, na baadaye nikafuatilia mwenyewe. Ni historia ya mji wetu. Iliandikwa 1965, mji ukiwa bado unaitwa Elisabethville, mwaka mmoja kabla jina halijageuzwa kuwa Lubumbashi. Aliyeikusanya anaitwa André Yav, na aliifanya kwa ajili ya chama cha waliokuwa baboyi, wale wafanyakazi wa nyumba za bazungu, wapishi, wafuaji, walinda watoto. Kichwa chake cha Kifaransa kinasema ni "vocabulaire", msamiati wa mji wa Elisabethville, lakini ndani mna historia, toka mwanzo wa mji mpaka siku zile. Karatasi za kuchapwa na mashini na kuzidishwa, bila nyumba ya uchapaji. Yaani, na hapa ndo nilikaa chini kwenye kiti, ni kazi ya watu wa kopi. Mahali fulani kulikuwa na mtu mwenye mikono ya wino sawa yangu anageuza karatasi za historia ya Lubumbashi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na mi miaka 9 niko kwenye kazi hiyo hiyo na sikujua.

1990 Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefundisha Amsterdam, aliichapa kwenye kitabu cha Kiingereza pamoja na maandishi yenyewe. Na walipotaka kuielewa vizuri, kwasababu maneno yameandikwa hivo yalivyo, ilibidi mtu aisome kwa sauti. Kalundi Mango alifanya kazi hiyo na Fabian, akaisoma yote kwa kinywa, sauti ikarekodiwa, na kutoka kwenye sauti yake ikaandikwa upya. Fikirini hiyo. Karatasi ambayo ukiiangalia kwa macho tu inakufungia mlango, ukiitamka inafunguka.

Kile kitabu cha karatasi mi sitakaa nikinunue, vitabu vya kitaaluma vya Ulaya bei yake ni kodi ya nyumba. Lakini maandishi yako wazi kwenye intaneti, kwenye kumbukumbu za Kiswahili cha watu ambazo Fabian na wenzake waliziweka kwenye tovuti ya chuo kikuu cha Amsterdam. Bure. Nilipata siku ile ile, saa nne ya usiku, mega zimebaki kidogo, nikaogopa zitaisha kabla ukurasa haujafunguka wote.

Sasa niseme kidogo mambo ya kazi, kwa wale wenye mashini kama yangu, kwasababu hapa nilipoteza jioni mbili. Nilianza kwa kuiweka kama PDF. Usifanye hivo. PDF ni picha ya ukurasa, ukurasa wa A4 ukiubana kwenye inchi 6 herufi zinakuwa sisimizi, na ukivuta zikue sentensi inatoka nje ya kioo, unabaki unasukuma kushoto na kulia mpaka unasahau ulikuwa unasoma nini. Inayofaa ni EPUB. Ile maneno yake yanatiririka, ukikuza herufi mistari inajipanga upya yenyewe. Kuna programu ya bure inaitwa Calibre, unaweka kwenye kompyuta, unaipa maandishi na inakutolea EPUB. Mi nilikopi maandishi, nikayaweka kwenye dokumenti, nikatenganisha sehemu, nikaandika jina la André Yav mahali pa mwandishi, nikapitisha mu Calibre. Jioni ya kwanza umeme ukakatika kabla sijahifadhi. Jioni ya pili nikawasha jenereta kwa ajili ya hicho kitu kimoja, wateja hakuna, jirani wa duka la unga akaja kuuliza kuna nini. Nikachomeka kebo, nikavuta faili, nikachomoa. Ukurasa ule mweupe uliokuwa unasema hakuna kitabu ukabadilika. Kitabu 1.

Sikukisoma pale. Nilikuwa nimeshajua siyo cha kusoma peke yangu.

Nkambo, baba ya papa, alikuwa boyi. Hilo tulilijua watoto wote lakini tulilijua sawa unavyojua mtu alikuwa mrefu, hakuna kilichofuata. Alipika kwa familia moja ya Wabelgiji katikati ya mji mpaka 1960 walipoondoka, aliishi kwenye boyeri, kile kijumba cha nyuma ya parsele, na Jumapili anatembea mpaka Kamalondo kuona mke na watoto. Papa amezaliwa 1951. Ukimuuliza habari za nkambo anasema alikuwa mtu wa kazi, basi. Na papa mwenyewe alikuwa msomaji zamani, alisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, alisoma Biblia kwa sauti jioni. Miaka sita hivi iliyopita macho yakaanza kuingia ukungu, jicho la kulia zaidi, daktari alisema ni mtoto wa jicho na operesheni bado tunaikusanyia. Biblia iko kwenye kabati na miwani yake juu yake. Hakutangaza kwamba ameacha kusoma, siku moja tu tuliona hasomi tena.

Jumamosi ya mwezi wa kumi, ile joto ya kabla ya mvua ambayo hata mbwa hawabweki, tukakaa chini ya mwembe wa kwetu. Nikamwambia papa nina kitu nataka nikusomee. Akaishika kwanza, akaipindua, akaitazama nyuma.

"Taa yake iko wapi?"

Mchana haihitaji taa, papa. Nikamweleza namna yaya alivyonieleza na nilivyosoma: ndani ya kioo mna vifuko vidogo sana kuliko nukta, na kila kifuko kina chembe nyeupe na chembe nyeusi, umeme unasukuma nyeusi juu pale penye herufi na nyeupe juu pale penye ukurasa, alafu zinakaa hivo hivo, umeme hauhitajiki tena mpaka ugeuze ukurasa mwingine. Ni wino kweli, siyo mwanga. Ndomana kwenye jua kali telefone inakuwa kioo cha kujiangalia na hii inazidi kuonekana. Ndomana pia chaji moja inaenda wiki kadhaa, jambo ambalo kwa mji wetu mtu halihitaji kuelezwa mara mbili. Papa alisikiliza yote. Akasema, "Kumbe ni karatasi inaandikaka upya." Ndo maelezo mazuri kuliko yangu.

Nikaanza kusoma. Nilisoma vibaya. Nilikuwa nakwama kwenye yale maneno yaliyogandana, narudi nyuma, natafuta mahali pa kukata. Papa akaniacha dakika kama tano, alafu akanyoosha mkono.

"Leta. Uko nasoma na macho. Hii bantu basoma na kinywa."

Nikasema papa huwezi kuona. Alafu nikakumbuka. Nikabonyeza, nikakuza herufi. "Ongeza." Nikakuza. "Ongeza tena." Nikafika mwisho kabisa wa kipimo, mstari mmoja unabeba maneno matatu au manne, ukurasa mzima sentensi moja na nusu. Papa akaisogeza mpaka karibu na jicho la kushoto, akairudisha kidogo, akaisogeza.

Na akasoma.

Polepole, kila silabi, ile sauti ya Biblia ya zamani. Mahali ambapo mi nilikuwa naona neno refu lisilo na maana yeye alikuwa anatamka tu, haharibu wala hatengenezi, na likitoka mdomoni linakuwa maneno matatu ambayo hata mtoto wa jirani aliyekuwa anachezea kizibo pale chini alielewa akainua kichwa. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Kila ukurasa mi ndo nagusa kugeuza, yeye anasubiri, anaendelea.

Baada ya kurasa nyingi hivi, ambazo kwa herufi za kawaida labda ni moja na nusu, akasimama. "Huyu alikuwa muntu wa hapa kabisa," akasema. "Bameandika namna tunasemaka." Alafu akauliza kama kuandika hivo inaruhusiwa. Nikamwambia imeandikwa toka 1965, papa, toka ukiwa na miaka 14. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Tulipofika kwenye habari za kazi za ndani ya nyumba za bazungu hakusoma moja kwa moja. Alisoma, akashusha mashini kwenye goti, akasema, bila mtu kumuuliza:

"Papa yangu alijua kupika vitu vya bazungu vyote. Gato, supu, nyama na divai ndani. Ku kwetu hakupikaka hata siku moja. Hata yai. Mama akiwa mgonjwa, alikuwa anatuita sisi batoto, anakaa pa mulango, anatuambia weka chumbi, punguza moto. Yeye hagusi. Mi nilifikiri ni kiburi."

Mama yangu alikaa chini kwenye kibao na mwiko wake. Ameolewa na papa miaka zaidi ya 40 na alikuwa anasikia hilo mara ya kwanza, niliona usoni.

Papa akainua mashini tena akaendelea pale alipoachia, hakurudia mstari.

Tangu siku hiyo ni kila jioni, jua likipungua, kama nimefika mapema kutoka dukani. Wamekuja wazee wawili wa avenyu yetu, mmoja baba yake alifua nguo kwa hakimu wa bazungu, anasikiliza amefumba macho na mara nyingine anakataa, anasema hapa siyo hivo, barabara ile haikupita pale, na papa anamjibu soma mwenyewe basi, na yule anachukua na anasoma na wanapatana au hawapatani. Nimeanza kuandika hayo mabishano yao kwenye kaye, na tarehe, kwa Kiswahili kile kile wanachobishania. Mwanzo mkono ulikuwa unataka kusahihisha, kuweka "vi" pale walipotamka "bi". Nimeuzuia.

Yaya alipiga Jumapili iliyopita. Nikampelekea faili, na juzi akapiga tena usiku sana wa kwao, hakuuliza habari za watoto wala za afya, aliuliza neno. Yuko kwenye kurasa za mwanzo, anasomea kwenye tramu akienda kazini, na amekwama, nikamwambia litamke. Nikasikia analitamka mara mbili kule Liège, alafu kimya, alafu akasema, "Ah. Njo vile."

Monte-Cristo nimeshaiweka ndani, sehemu zote nne, mvua imeanza kunyemelea upande wa Kasapa na karibu nitaihitaji. Kwa sasa mashini inalala kwenye chumba cha papa, kwenye kabati, juu ya Biblia, na miwani imehamishwa pembeni. Kipimo cha chini ya kioo kinasema tumefika asilimia 62. Papa amenikataza kusoma mbele bila yeye.